Nalipwa kwa Herufi

Katibu wa kamati ya soko alifika kibandani kwangu Kiusa
tarehe kumi Desemba, karatasi kaikunja mara nne.
Kitambaa cheupe, mita sita. Rangi nilishanunua
kwa Harbhajan: nyekundu kopo moja, kijani kopo moja.
"Andika KRISMASI NJEMA, WANA-MOSHI."
Nikahesabu kwa kidole. Herufi ishirini na mbili,
mia tano mia tano.
Nikaviona viatu vya shule vya Ndeshi.

Kesho yake karudi. Kamati imekaa.
"Kuna wapangaji Waislamu, kuna Wahindu wa vitambaa,
kuna Wasabato wameleta barua. Andika HERI YA SIKUKUU."
Kumi na tatu.
"Na ile nyota ufute."
"Nyota ina dini?"
"Ina maswali. Na kijani kitasemwa ni cha msikiti."
"Nyekundu je?"
"Itasemwa ni ya Simba."
Tukabaki na bluu, bluu ya milango ya zahanati,
rangi isiyomsalimia mtu.

Siku ya tatu hakuketi.
"Mjumbe mmoja kauliza, sikukuu ipi? Acha HERI peke yake."
Nne. Elfu mbili.
Kamba za viatu, labda.

Sisemi katibu ni mtu mbaya.
Shemeji yake alipofariki, maiti ililala Mawenzi siku nne,
huku jeneza, huku sanda, ndugu wakitukanana getini.
Aliyeumwa na nyoka, hata kamba ya bango humshtua.

Lakini mkono huu umeandika EID MUBARAK ukutani Njoro,
umechora tembo wa Wahindu, mkonga na taji,
na hakuna aliyeniambia, Anaeli, punguza.
Mama yangu, Mlutheri wa kengele ya kwanza,
mwezi wa Ramadhani hukaanga vitunguu dirisha likiwa limefungwa,
Bi Rukia asije akasikia harufu kabla ya magharibi.
Ikija Krismasi, kikombe cha Bi Rukia hakikaribii kata ya mbege,
na soda yake tunaifungua mbele ya macho yake.
Hakuna kikao kilichoandika hayo.
Nako ni kuchunga ulimi, nakubali.
Ila anayechungwa ana jina,
tunajua anachokula, tunajua goti lipi linamuuma.

Bango likapanda langoni: HERI.
Watu wakalimalizia wenyewe.
Muuza ndizi: "Heri ya mwaka jana."
Kinyozi: "Heri nusu shari kuliko shari kamili."
Mwanamke mmoja alisimama muda mrefu na kapu kichwani,
akasema, "Heri nini?" akaenda zake.
Tarehe ishirini na tatu usiku, mtoto wa watu, kwa mkaa,
akatangulizia herufi tatu za bure:
KWA.
Mabasi ya Dar yakashusha wana wa nyumbani,
mabegi, mabati, majiko ya gesi,
wote wakapokelewa na kwaheri.
Katibu aliniita nikafute. Nikamuuliza,
kufuta nako ni mia tano?

Alfajiri ya tarehe ishirini na tano
Mfinanga akaja, kisu kakifunga gazetini.
Ndiye anayetuchinjia, asiwepo wa kukaa kando ya sahani.
Baridi. Mbuzi anatafuna jani la mgomba
kama asiyedaiwa.
"Kibla ni upande gani hapa kwenu?"
aliuliza, kama anavyouliza kila mwaka,
na baba, kama kila mwaka, akamwonyesha Kibo.

Wingu lilikuwa limeufunika mlima wote.
Tukamgeuza mbuzi
kuelekea pale tunapojua kwamba upo.